Levina na nyuso za kwenye vioo

Saa mbili asubuhi, Levina Mponda anafungua madirisha ya chumba kidogo kilicho nyuma ya kanisa kongwe mjini Ifakara. Anaacha hewa iingie kwanza, kisha anaketi mezani na kipande cha khanga kuukuu. Anachomoa kioo chembamba kutoka kwenye sanduku la mbao, anakipangusa kingo zake taratibu, anakiinua kwenye mwanga.

"Mwone huyu alivyonuna," anasema, akitabasamu kama aliyekutana na jirani sokoni. "Alisimamishwa juani muda mrefu, maskini."

Kwa mgeni, kioo hicho hakionyeshi kitu cha maana. Peupe pamekuwa peusi na peusi pamekuwa peupe. Levina ameshazoea. Anaona mwanamke, mtoto mgongoni na ukingo wa mto.

Levina, mjane mwenye umri wa miaka 52, aliajiriwa misheni kama mfagizi, na mshahara wake mpaka leo ni wa mfagizi. Mwaka 1994 alitumwa kusafisha stoo iliyojaa viti vibovu. Chini ya mikeka iliyoliwa na mchwa akakuta masanduku matatu. Ndani yake mlikuwa na picha zilizopigwa kwenye vioo enzi za Mjerumani, wamisionari wa kwanza walipokuwa wakijenga bondeni.

"Padre aliniambia, 'Levina, vitunze hivi.' Basi, akaenda zake," anasimulia huku akicheka. "Mimi kutunza nilikokujua ni kupangusa."

Mtawa mmoja mzee anayejua Kijerumani, Sista Digna, ndiye aliyemsomea maandishi yaliyokuwa kwenye bahasha za vioo hivyo. Wazungu wote walikuwa wameandikwa majina. Hata mbwa wa bwana mmoja alikuwa ameandikwa: Waldi. Waafrika waliandikwa "wapagazi wakivuka mto", "mwanamke na mtoto", "watoto wa shule".

Levina hakupata raha tena.

"Nikamwuliza Sista, 'Ina maana mbwa ana jina, mama huyu hana?' Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ndipo akaniambia, 'Kawatafute, mwanangu.'"

Mpiga picha mmoja wa mjini akamsafishia picha chache za karatasi kutoka kwenye vioo vile. Kuanzia hapo, kila alipopata Jumamosi ya mapumziko, Levina alipanda baiskeli akaenda vijijini: Kisawasawa, Sanje, Mofu. Wapo waliomkaribisha ugali na samaki. Wapo waliodhani ametumwa kupima mashamba yao. Wengi walizitazama picha, wakasikitika, wakamrudishia.

Septemba mwaka jana, 1997, aliambiwa kwamba Mofu yupo bibi aliyesoma shule ya misheni wakati wa Mjerumani, Bibi Kandida. Alipofika alikutana na mwanawe mlangoni, Mzee Melkiori, mkulima wa mpunga, mikono yake imekunjwa kifuani.

"Waliwapiga picha bila kuwauliza," Melkiori alimwambia. "Leo na wewe unakuja kumsumbua mama yangu na makaratasi. Kesho utayauza wapi? Nenda, dada."

Levina hakubishana. Aliaga kwa heshima, akageuza baiskeli. Anakiri kwamba alilia njiani, na kwamba kilichomwumiza ni kuona Melkiori ana haki ya kuuliza.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Mto Kilombero ulifurika, mashamba yakageuka ziwa, njia ya Mofu ikakatika. Januari, mvuvi mmoja alifika misheni na ujumbe kutoka kwa Melkiori: mama amedhoofu, na tangu Septemba hajaacha kumwulizia yule mwanamke aliyekuja na picha. Kumbe siku ile alikuwa amesikia kila neno akiwa ndani.

Levina hajui kuogelea. Akaizungushia picha ya watoto wa shule nailoni mbili, akaingia kwenye mtumbwi, akashika kingo kwa mikono yote miwili. "Rozari nilisali yote, nikaanza tena," anasema.

Safari hii Melkiori alimpokea majini, akamshika mkono kumshusha.

"Shikamoo, bibi," Levina aliinama kitandani.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nisogezeni mlangoni."

Bibi Kandida alikuwa amebaki na jicho moja linaloona. Aliisogeza picha usoni hadi ikagusa pua. Akaanza kutaja watoto, kidole kikipita juu ya vichwa vyao: Teofili, aliyekuwa mwizi wa mihogo. Restituta, aliyeimba kuliko wote. "Huyu mwenye shingo ndefu ni mimi."

Kidole kikasimama kwa msichana mdogo wa pembeni.

"Mdogo wangu. Stumai," alisema. "Homa ilimchukua masika yale yale, kabla hajabatizwa. Kwenye vitabu vyenu hamtamkuta."

Melkiori alichuchumaa karibu. Alikuwa hajawahi kusikia kwamba mama yake alikuwa na mdogo wake.

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Ningewaambia nini, nami sura yake ilikuwa imenipotea?"

Levina aliandika majina yote. Alipoinuka kuondoka, bibi alikuwa ameilaza picha kifuani, viganja viwili juu yake. Ilikuwa nakala pekee, na Padre alikuwa amemwagiza asiache picha popote. Levina aliiacha.

"Nilipomweleza, Padre alinitazama, akasema tutasafisha nyingine," anasema.

Bibi Kandida alifariki Kwaresima. Melkiori alimzika na picha ile. Baada ya Pasaka, njia ilipopitika, alikuja Ifakara na gunia la mchele mpya, akaomba kuketi na Levina. Sasa ndiye anayemtangulia vijijini, akiwaeleza wazee waliokunja mikono kama yeye alivyokunja.

Masanduku mawili bado hayana majina. Levina anapanga nakala zitundikwe katika shule za vijiji vyenyewe, kila mtu na jina lake chini, ili asiwepo wa kufunga safari hadi misheni kumwona ndugu yake. Ya kwanza itakwenda Mofu mavuno yakiisha.

"Melkiori ameshachonga fremu," anasema. "Amenipa sharti moja tu. Jina la Stumai niliandike mimi, kwa mkono, herufi kubwa."