Coletha na simu isiyojua 'kuhala'

Saa mbili na robo asubuhi, Kahama. Coletha Mageni, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa stashahada ya famasi, amesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, simu mkononi, na foleni inamkata jicho kwelikweli.

"Mtu anaumwa, yeye anachati," ananong'ona mama mmoja kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Jamani, Coletha hachati. Mwongozo mzima wa dawa na dozi umo kwenye simu hiyo yenye kioo kilichopasuka, pamoja na kumbukumbu za kila mgonjwa anayemhudumia. Kila wiki anatenga Sh2,000 za bando, na siku ya kulinunua vitumbua huvitazama tu.

Nani atamwelewa? Ndani ya wiki saba za mafunzo kwa vitendo dukani hapa ameandikwa mara tatu kwenye daftari la malalamiko. Msimamizi wake, mfamasia Valerian, mwenyeji wa Moshi, amemwambia wazi: lalamiko la nne, hasaini fomu yake ya mafunzo, na mwaka ataurudia. Leo ndiyo siku ya mwisho.

"Nililia," anasema Coletha, 23. "Baba ameuza ng'ombe wawili nisome. Nirudi nyumbani niseme nimefelishwa na simu?"

Zamu inamfikia Mzee Sostenes, mkulima wa tumbaku kutoka Ushetu.

"Shikamoo, babu."

"Malahaba. Hiyo simu unamwandikia nani?"

"Nakuandika wewe, babu. Itajie mwenyewe shida yako, uone." Anamsogezea simu mdomoni; ikisikia sauti, inaandika.

Mzee anajikohoza. "Nataka dawa ya kuhala."

Simu, msomi wa mjini, inaandika: dawa ya kulala.

Valerian anachungulia begani. "Mzee, dawa za usingizi ni kwa cheti cha daktari."

"Cheti?" Mzee anashika tumbo. "Tangu jana nimekwenda chooni mala nane, huo usingizi nitaupatia wapi?"

Foleni inaangua kicheko. Coletha, Msukuma wa kuzaliwa, anajua kuwa kwa wazee wa kwao 'r' hugeuka 'l', na babu wa watu anahara. Anamuuliza kama ana homa au anaona damu, anapitia mwongozo, anampa pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini na kumweleza matumizi kwa Kisukuma.

Mzee analipa, kisha anaomba daftari la malalamiko. Coletha analitoa, akijua hilo litakuwa la nne.

"Mimi kuandika sijui vizuri," mzee anamwambia Valerian. "Andika wewe: simu haijui Kiswahili. Binti anajua."

Valerian anaandika neno kwa neno. Halafu anavuta fomu ya Coletha na kuisaini.

"Na mimi nilisikia kulala," anamkiria mwandishi. "Hilo usilitoe gazetini."

Akihitimu, Coletha anataka kufungua duka la dawa Ushetu. Kwa sasa anakusanya kwenye simu maneno ambayo wagonjwa huyatumia kutaja maradhi yao. Amefikisha arobaini na moja.

"La kwanza nimeshaifundisha," anasema. "Sasa ikisikia kuhala, haimpeleki mtu kitandani. Inampeleka kwenye ORS."