Moto Utatoka Wapi

"Moto utatoka wapi?"

Mama mkwe aliniuliza hivyo siku fundi alipoanza kuchimba mashimo ya nguzo nyuma ya nyumba yetu hapa Mpanda. Mimi nashona sare za shule kibarazani, na wakati huo nilikuwa nimebana pini mdomoni. Nikazitoa, nikamjibu, "Kiberiti kipo, mama." Akaniangalia kama mtu aliyeuliza njia ya sokoni akaelekezwa stesheni. Kisha akaingia ndani, nami nikaendelea na pindo langu.

Jiko lile nilikuwa namjengea yeye. Baba mkwe alipofariki, ng'ombe waligawanywa kwa watoto wa kiume, na mume wangu, ambaye ndiye mkubwa, akasema mama atakuja kukaa kwetu mjini karibu na hospitali, maana macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilifurahi kuliko mume wangu alivyotegemea. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, huko kijijini kwetu Mamba, nikalelewa na mashangazi waliokuwa tayari na watoto wao wa kuwatosha. Nilitaka mama ndani ya nyumba. Nilitaka hata mtu wa kuniambia kwamba ugali wangu ni mlaini.

Aliniambia. Ugali wa gesi hauna harufu, alisema. Maharage ya gesi yana haraka. Alikuja na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, nikaichemsha vizuri kabisa, akala kidogo, akasema siku hizi meno yake yamechoka. Meno hayohayo jioni yalikuwa yanavunja karanga.

Mvua za kwanza zilipoanza nikamkuta uani amechuchumaa mbele ya matofali matatu, sinia kichwani kama mwavuli, anapuliza kuni mbichi. Nikasema basi, yameisha. Mimi mambo yangu ni kukata na kushona, sipendi kitu kining'inie. Tutamjengea mama jiko la nje, lenye bati juu na ukuta wa matofali ya kuchoma mpaka kiunoni, moshi upite na mvua isipite. Mume wangu akasema, "Umefikiria?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu mtu anayeuliza hivyo kwa kawaida hataki kufikiria yeye.

Kuanzia hapo sikuelewa kitu nyumbani kwangu mwenyewe.

Fundi wetu ni mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata juani. Nguzo za mkaratusi ziliposimama alinifuata kibarazani. "Dada, nielewesheni jamani nyie watu," akasema. "Wewe umesema sehemu ya kuwashia moto iwe moja. Asubuhi bibi kasema ziwe mbili. Nimempigia mzee wa nyumba, kasema nimsikilize bibi. Halafu kapiga tena, kasema nikusikilize wewe."

"Moja," nikasema. "Mtu mmoja anapikaje kwenye majiko mawili?"

Nikaenda kumuuliza mwenyewe, kwa sababu kuuliza si ujinga. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, anauchambua kwa vidole zaidi ya macho.

"Mama, mafiga ya pili ya nini?"

Akauliza, "Na wewe lako litakuwa wapi?"

"Mimi langu liko ndani, mama. Hili ni lako peke yako."

Nilisema kwa furaha. Nilidhani nampa zawadi, na zawadi mtu huielezea ukubwa wake. Yeye akatikisa ungo taratibu, akasema, "Sawa, mkamwana wangu." Mchele ulikuwa umeshakuwa safi, ila aliendelea kuuchambua mpaka giza likaingia.

Kadiri jiko lilivyopanda, yeye alizidi kushuka. Siku ya kupandisha kenchi za paa alikula nusu tonge. Siku ya bati alikunja kanga zake zote, nikadhani anatafuta nafasi kwenye kabati. Akaanza kuwa na adabu mbaya sana kwangu, adabu ya mgeni: anaomba chumvi, anashukuru kwa maji, anauliza kama anaweza kukaa kwenye kochi. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwanamke aliyeniambia wazi kwamba mboga yangu haina maana, sasa ananishukuru kwa maji.

Nikakasirika pia, siwezi kuficha. Unamjengea mtu, mtu ananuna. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja nikiwaza hayo, nikaifumua huku nasonya.

Fundi alipokuwa anasiriba sehemu ya moto kwa udongo wa kichuguu, mama akaja kusimama pembeni. "Moto utatoka wapi?" akauliza tena. Nikaona sasa uzee unamwingia, anasahau alichojibiwa. Nikaenda dukani nikamnunulia kile kiberiti kirefu cha kubofya, nikamwekea mkononi. "Huo hapo, mama. Hata upepo hauuzimi." Alikipokea kwa mikono miwili.

Jioni ile nikamsikia chumbani kwake anaongea na simu. Aliyekuwa anaongea naye ni mdogo wa mume wangu, aliyebaki na ng'ombe kule Mpimbwe. Sisi na mama Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Mimi nyumbani kwetu ni Kipimbwe, yeye ni Kisukuma, na akiongea haraka mimi huambulia patupu. Katika maneno yote nilinasa mawili tu: gesi, na Jumamosi.

"Mama anasema nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Anasalimia."

"Salamu zina gesi?"

Akaangalia taarifa ya habari kwa bidii. Baadaye akasema, "Mambo ya jiko mimi sikufundishwa. Muulize mwenyewe." Nikamwambia nimeshauliza na majibu yamezidi kunichanganya. Akasema na yeye hivyohivyo.

Jumamosi shemeji akafika kwa pikipiki, tope mpaka kwenye kope. Nilikuwa nampokea kwa furaha, nimeshashika kofia yake ngumu, nilipoona begi la mama limewekwa mlangoni. Juu ya begi kulikuwa na kile kiberiti, bado kwenye pakiti yake.

Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimetembea kwenye giza hilo wiki nzima na zaidi, naongea kwa sauti. Nikaenda uani. Mama alikuwa amesimama nje ya jiko jipya, hakuingia.

"Mama, unaondoka?"

"Nimekaa vya kutosha. Nisije kuwachosha."

Nikapiga magoti pale kwenye vipande vya matofali, na nguo zangu za kazi na tepu shingoni. Sikupanga kupiga magoti. "Mama, nimekukosea nini? Niambie kwa maneno ya moja kwa moja, maana mimi haya mengine siyajui. Sikuwa na mtu wa kunifundisha."

Akanitazama muda. Nafikiri hilo la mwisho ndilo alilolisikia.

"Nilipoolewa," akasema, "nilipika kwenye moto wa mama mkwe. Siku aliponijengea jiko langu, alichukua kaa kwenye mafiga yake, akalitia kwenye kigae, akaniletea. Moto wangu ukawa mtoto wa moto wake. Jiko la mtu asiye wenu ndilo linalowashwa kwa kiberiti." Akafunga kanga upya. "Wewe umenijengea nyuma ya nyumba. Nimekuuliza lako liko wapi, ukasema liko ndani. Nimekuuliza moto utatoka wapi. Umenijibu mara mbili."

Nilitaka kujieleza. Nilikuwa na maelezo mengi, ya mvua, ya sinia, ya michembe, na kila nililolishika nililiona linanifunga zaidi. Kichwa kilivurugika kabisa. Nani anampa nani? Jiko ni la kwake, na anayepaswa kutoa moto ni yeye, na moto hana kwa sababu nyumbani tuna gesi, na gesi haina kaa. Nilichanganyikiwa mpaka nikaanza kulia, na mimi kulia mbele ya watu sikupendi.

"Mimi niliolewa kwenye chumba cha kupanga," nikasema. "Jiko la mkaa nilinunua mwenyewe. Hakuna aliyeniletea kaa, mama. Nakuomba moto."

Aliingia jikoni akakaa. Akaagiza kiberiti, si kile kirefu, cha kawaida, akawasha kuni kwenye lile jiko moja la fundi. Mimi nikaokota matofali matatu yaliyobaki nikayapanga pembeni yake, yamepinda, hakuna sufuria ambayo ingesimama. Akayanyoosha kwa kuyapapasa. Tukasubiri kuni zishike. Shemeji alikuwa ukutani na kikombe cha chai, mume wangu nyuma yake, wote wamesimama wima kama wako kanisani.

Kaa lilipokuwa jekundu akalichota kwa kipande cha tofali, akanyoosha mkono. Nikalipokea, nikaliweka katikati ya vijiti vyangu, nikapuliza. Moshi tu.

"Usipulize kwa hasira," akasema.

Nikapuliza tena polepole. Mama akamwambia shemeji neno kwa Kisukuma. Nikamtazama mume wangu.

"Anasema alirudishe begi ndani," akasema mume wangu, na safari hii alitafsiri vizuri.

Vijiti vikashika. Mama akainamia karibu kabisa, macho yake yale mabovu yakitafuta mwanga.

"Haya. Moto umetoka wapi?"

"Kwako, mama."

"Basi injika maji. Shemeji yako ana njaa."