Mkeka Safi wa Moraa

Huko ughaibuni, Moraa alisafisha vyoo uwanja wa ndege. Penisimani alipakia mizigo. Penisimani alikuwa mtu wa Tonga, visiwa vya mbali huko Pasifiki. Walijuana pale, wakahamia chumba kimoja mtaa wa Weston, na tangu siku hiyo Moraa akajihesabu mke. Kidonda cha sukari kilipoula mguu wa mwanamume, ni yeye aliyeosha, akafunga, akaosha tena.

Penisimani alipofariki, nduguze walikusanyika katika ukumbi wa kanisa, mji jirani wa Mississauga. Watonga wakifiwa hujifunga mikeka ya majani ya mkadi viunoni. Mgawaji alikuwa Seini, shangazi wa marehemu. Alimfunga Moraa mkeka mdogo, mpya, usio na doa. Moyo ukatulia kidogo. Walau hawa wananithamini, akawaza.

Karibu na jeneza aliketi mwanamke asiyemfahamu, amegubikwa na mkeka mkuukuu uliochanikachanika, umempanda hadi kidevuni. Moraa akamwonea huruma. Akavua shali yake, akamfunika mabega.

"Pole, dada. Hata mkeka wa maana wamekunyima?"

Mwanamke akamshika mkono. "Ahsante. Ulifanya kazi na mume wangu?"

Moraa akarudi kwa Seini. "Shangazi, yule ni nani?"

"Losa. Ametua jana kutoka nyumbani." Seini alimnyooshea mkeka kiunoni, polepole, kama anayemtengeneza mtoto wa watu. "Kwetu mke ndiye huvaa mkubwa uliochanika, binti. Huo mdogo ni wa wageni."

"Mguu wake niliuosha mimi."

"Tunajua. Ndiyo maana tukakuchagulia mzuri."

Penisimani alijua kusimulia mila zote za kwao isipokuwa hiyo moja ya mkeka, iliyomhusu Losa. Alishamwambia Moraa, huku akicheka, kwamba mjane hunyolewa na shangazi: "Siku yangu ikifika watakuacha kipara, mama." Kwa hiyo Seini aliposhika mkasi, Moraa alifungua kilemba, akainamisha shingo, akangoja. Alisikia mkasi ukila nywele. Zilikuwa za Losa. Hakuna aliyemwambia ainue kichwa.

Nyumbani alijifungia bafuni, akajikata nywele mwenyewe mbele ya kioo. Za mbele zilikubali. Za kisogoni zilikwenda upogo, nyingine ndefu, nyingine hadi ngozi, maana kisogo hukatwa na mtu mwingine.