Betri ya Gari la Bi Radhia

Katika mtaa wetu hapa Ibra, Bi Khole alikuwa na dada ambaye sote tulimjua na hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Jina lake Radhia. Ndiye aliyemlea Bi Khole baada ya mama yao kufariki. Alimsuka, akamfundisha kukata nguo, akamtia hina siku alipoolewa na Bwana Marhoun. Watu walipotoka Unguja kuja Omani, Radhia alibaki kwa sababu mama mkwe wake alikuwa mgonjwa. Mama mkwe alipofariki, akabaki kwa sababu ya karatasi. Kila mwaka ilikosekana karatasi moja.

Mwaka wa sabini na nane ikaja barua kuwa ameanguka chooni na kuvunjika nyonga. Mfupa umeunga, lakini vibaya. Hawezi kukaa kitako zaidi ya robo saa. Ama alale kwa ubavu wa kushoto, ama asimame. Bi Khole aliisoma barua ile, akaikunja, akaendelea kuchagua mchele. Mumewe ndiye aliyesema, siku ya pili yake, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Kutoka uwanja wa ndege mpaka hapa ni saa mbili na zaidi. Atakujaje?"

Bwana Marhoun alikuwa dereva. Wakati ule alikuwa akiwaendesha wapima ardhi wa Kijerumani, kutoka Nizwa mpaka Sur, na mkubwa wao alikuwa na gari-nyumba. Nyuma lilikuwa na kitanda, pembeni jiko la gesi na sinki, na ubavuni kabati la nguo la milango miwili. Kazi ilipokwisha Mjerumani akarudi kwao, na gari akamwachia dereva wake kwa bei ya urafiki.

"Marhoun, umekuwa Bedu wa kuhamahama?" majirani walimwuliza.

"Bedu hema lake halina sinki," alijibu.

Aliliweka bandani nyuma ya nyumba, chini ya paa la makuti ya mtende, akalifunika turubai, akangoja karatasi za shemeji yake.

Gari lisilotembea lina maradhi yake, na ugonjwa wa kwanza ni betri. Watu hudhani kinachoimaliza ni kazi. Kukaa nako huimaliza, na joto la Ibra huongezea. Bwana Marhoun alikwenda kwa fundi Nadhir, kijana aliyezaliwa Bujumbura, mwenye karakana kando ya barabara kuu.

"Mzee, dawa yake rahisi," alisema Nadhir. "Vua waya wa hasi, gari lisivute kitu. Maji ya betri yasipungue. Na kila mwezi uniletee niitie chaji."

"Mzee ni huyo aliyekuzaa. Mimi ami yako."

"Haya, ami mzee."

Wiki ile ile alipouvua waya, ikaja barua kutoka Unguja: ombi la Radhia limekataliwa. Bi Khole alikwenda bandani peke yake, akaona waya umefungwa kitambaa na kuwekwa kando. Alirudi ndani akasimama mlangoni.

"Urejeshe ule waya."

"Bibi, ule ni waya tu."

"Kwetu mtu akisafiri nyumba haifagiwi siku ile. Na kitanda cha mtu anayengojewa hakitanduliwi. Urejeshe."

Bwana Marhoun aliurejesha. Hakuwa akiamini mambo hayo. Aliurejesha kwa sababu ilikuwa miaka hajamsikia mkewe akisema kwa sauti kwamba kuna mtu anayengojewa. Na baada ya siku ile hakumsikia tena. Jina la Radhia halikutajwa pale nyumbani, hata barua zake zilisomwa kimya na kutiwa mtotoni mwa sanduku, ile droo yake ndogo.

Betri ikawa inakufa. Aliitia chaji mwanzo wa mwezi, na kabla mwezi haujafika nusu ufunguo ulitoa mlio wa tik tik tu. Alinunua nyingine, nayo ikafa. Nadhir alikuja mara tatu na kitaa chake cha kupimia, kidogo chenye nyaya mbili. Alikiweka kati ya betri na waya wake: kikiwaka, basi kuna kitu garini kinakula umeme. Kila mara hakikuwaka.

"Halivuti kitu, ami. Labda gari lina jini."

"La Kijerumani?"

"Ndiyo maana hatuelewani nalo."

Haikumjia hata mmoja wao kwamba mara zote tatu Nadhir alikuja katikati ya wiki, Jumatatu au Jumanne. Alhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko, fundi alifunga karakana, na Bwana Marhoun alikwenda Samad kutazama mitende ya marehemu baba yake. Alirudi Ijumaa jua limekwisha kuzama.

Mwaka wa themanini na nne betri ya tatu nayo ilipoanza kufa, alichoka. Kulikuwa na Bwana Ghanim wa Al Mintirib, mfuga ngamia, aliyelitaka gari lile alipeleke ukingoni mwa jangwa la mchanga, wachungaji wake walale humo. Halihitaji kutembea, alisema, linahitaji kusimama tu, na kusimama linajua. Bwana Marhoun akampa neno: atamletea baada ya wiki mbili.

Usiku alipomwambia mkewe, Bi Khole alikuwa akishona. Alikata uzi kwa meno.

"Gari lako," alisema.

Ni hilo tu. Bwana Marhoun alilala akifikiri kwamba mkewe amekwisha kukata tamaa, na kwamba pengine ni kheri.

Ijumaa iliyofuata alirudi mapema kutoka Samad, baada ya sala ya Ijumaa tu, apate kulisafisha gari. Nyumba ilikuwa kimya. Aliondoa turubai upande wa mlango akaingia. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na mle ndani mlinukia udi. Milango yote miwili ya kabati ilikuwa wazi, na juu ya kila mlango, ndani, palikuwa na kijitaa kinachowaka chenyewe kabati likifunguliwa. Alikuwa hajui kama vimo. Mwanga wake ulikuwa mwekundu, dhaifu, wa betri inayokaribia kukata roho.

Chini ya mwanga ule zilining'inia nguo za kike. Alishika moja, kisha nyingine. Za mwanzo zilikuwa nyembamba kiunoni, za mwanamke kijana. Zilizofuata zimeachiwa kidogo, na za mwisho mwisho pana, zenye mikono mirefu na shingo ya kufunga, kama wanavyopenda wanawake waliofikia umri. Zote mpya. Hakuna hata moja iliyokuwa na alama ya jasho.

Bi Khole aliingia na chetezo mkononi, makaa yamekwisha kuwa jivu.

"Umerudi mapema."

"Hizi za nani?"

"Unajua za nani."

Akakaa kitandani. Bwana Marhoun alibaki amesimama, ameshika upindo wa nguo ya kijani.

"Kila Idi?" aliuliza.

"Tangu tuje Omani, nikishona yangu, nashona na yake. Ndani ya nyumba panya wataziharibu. Na hiki ndicho chumba chake." Aliweka chetezo kwenye sinki. "Alhamisi nazifukiza. Milango naiacha wazi mpaka Jumamosi ukishakwenda kazini, harufu itulie. Ukifunga mapema nguo zinanuka makaa."

"Na hizi taa?"

"Zina nini? Nilidhani Mjerumani kaziweka makusudi, kabati lisiwe giza."

"Khole, hizi ndizo zinazoua betri."

Akatazama juu. "Kitaa kama kokwa ya tende?"

"Viwili. Siku mbili mchana na usiku. Miaka minne nazika betri, Nadhir anasema jini."

Bi Khole alijifunika mdomo kwa upindo wa mtandio. Mabega yakamtikisika, na kwa kitambo mumewe hakujua kama anacheka. Kisha akaona machozi, na bado hakujua.

"Nilidhani umekata tamaa naye," alisema Bwana Marhoun.

"Nilidhani wewe umekata. Ndipo nikasema gari lako."

Bwana Marhoun alivifungua vijibalbu vile kwa vidole, cha kwanza kisha cha pili, akampa mkewe mkononi. Vilikuwa bado na joto. Milango ya kabati akaiacha wazi kama ilivyokuwa.

Jumamosi akaipeleka betri kwa Nadhir. Fundi aliitia chaji siku nzima, akasikiliza hadithi ya kabati mpaka mwisho, akasema kule Bujumbura jini la udi halijawahi kuingia karakanani kwao. Betri ikarudishwa, na waya wa hasi ukafungwa mahali pake. Alhamisi Bi Khole akafukiza kama kawaida. Bwana Marhoun safari hii hakwenda Samad.

Ijumaa baada ya sala alikaa kwenye usukani, akasoma bismillahi, akageuza ufunguo. Injini ikakamata mara ya kwanza. Bi Khole alitoka jikoni mbio, unga mikononi, akasimama kando ya banda.

"Ndiyo unampelekea Ghanim?"

"Nakwenda kwake. Vaa buibui lako tufuatane."

"Mimi nikafanye nini?"

"Ukamwambie wewe kuwa haliuzwi. Mimi nimempa neno, namwonea haya."

"Kumbe ukipeleka mke ndiyo haya inaondoka?"

"Akikasirika, atakasirikia wanawake wa Unguja. Panda."

Alipanda, lakini si mbele. Bwana Marhoun alingoja mlango wa mbele ufunguliwe, kisha akasikia wa nyuma ukifungwa. Alipotazama kwenye kioo alimwona mkewe amelala juu ya kitanda cha dada yake, ubavu wa kushoto, ule ulioandikwa kwenye barua, goti moja limekunjwa, mkono umeshika ukingo.

Wakatoka Ibra kwa barabara ya Al Mintirib. Nyuma nguo zilikuwa zikipepea ndani ya kabati. Penye tuta la kwanza gari liliruka kidogo.

"Polepole," sauti ilitoka nyuma. "Hapo ataumia."

Akapunguza. Penye makutano akakata kona, na sauti ikasema tena, "Hapa pia. Usikate ghafla."

Akapunguza zaidi. Magari yaliwapita, jingine likipiga honi, dereva mmoja akatoa mkono dirishani kuuliza kuna nini. Bwana Marhoun alimpungia mkono apite. Aliendelea na mwendo ule ule, wa mtu aliyebeba mgonjwa, akisubiri kuambiwa ni wapi tena panauma.