Meza Zilizopunguza Mwendo Murara

Papa Yuma aliendesha Fuso kati ya Goma na Butembo kwa miaka thelathini, na ndiyo maana hakuwaamini madereva. "Mimi ninawajua," alikuwa akisema. "Dereva haogopi polisi wala kibao. Anaogopa kuvunja resori, springi za gari lake, basi."

Magoti yalipomshinda aliacha kazi, akakaa mtaa wa Murara, mjini Goma, na binti yake Mwasiti, mwalimu wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Mwaka 2023, vita vilipozidi kaskazini, barabara ile ilibadilika. Kila asubuhi mamia ya wakimbizi kutoka kambi za upande wa Munigi walipita kwa miguu wakitafuta kibarua. Katikati yao zilipita pikipiki, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba makaa, jeep za mashirika na malori ya askari, vyote mbio. Mwezi wa tisa pikipiki ilimgonga Mwasiti akivusha darasa lake. Akavunjika mguu.

Papa Yuma akaenda kwa chef wa avenue, kiongozi wa barabara yao, Papa Achille, kuomba dodani, yaani tuta la kupunguza mwendo. Achille akaitisha kikao. Kikao kikazaa komite. Komite ikaita shirika, na shirika likaleta karatasi kubwa na kalamu za rangi ili watu wachore barabara wanayoitaka. Wakachora njia ya waenda kwa miguu, njia ya baiskeli, hata miti.

"Miti ya nini?" Papa Yuma akauliza. "Mimi ninaomba dodani moja."

"Muzee, bado tuko kwenye hatua ya maono," bwana wa shirika akamjibu.

Hatua ya maono ilichukua miezi sita. Kisha barua ya kuomba dodani ikapelekwa ofisini, ikarudishwa kwa kukosa muhuri. Ikapelekwa na muhuri, ikarudishwa tena kwa sababu mkubwa aliyeupiga alikuwa amehamishwa. Januari 2025 vita vikaingia mjini kwenyewe. Risasi ziliponyamaza, Papa Yuma alipanda ngazi za ofisi ileile na magoti yake mabovu, nakala ya barua mkononi. Mtu mpya aliyekaa mezani akaigeuzageuza.

"Hii iko ya wale wa zamani, papa. Muanze upya."

Alirudi nyumbani na hasira. Akakuta wanawake wamepanga meza za nyanya na sombe, yaani kisamvu, hadi ndani ya barabara, pande zote mbili. Walikuwa wakimbizi. Mama Philomène, mkubwa wao, alikuwa akimwagia mboga maji.

"Hata ninyi munakula barabara?" Papa Yuma akamfokea. "Mutoto wangu alivunjika mguu hapahapa!"

"Tuende wapi, papa? Kambi imevunjwa. Kule kwetu hatujui hata kama nyumba ingali iko."

Kabla hajajibu, lori likaja. Lilipofika kwenye meza likapunguza mwendo, likapita taratibu kama mgonjwa, dereva akitukana dirishani. Nyuma yake pikipiki tatu, nazo taratibu. Papa Yuma akakalia ndoo iliyopinduliwa, akatazama mpaka saa sita mchana. Hakuna dereva aliyekwenda mbio.

Wiki iliyofuata amri ikatoka ofisini kupitia kwa Achille: meza ziondolewe, kwa usalama barabarani. Papa Yuma akaenda moja kwa moja kwa Achille.

"Karibu miaka miwili ninaomba usalama, hakuna mutu anasikia. Hawa mama wameuleta bila karatasi, leo ndiyo munajua sheria?"

Achille akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. Mwishowe wakaafikiana: wanawake warudi nyuma hatua mbili, na pale meza zilipokuwa yapangwe mawe makubwa ya volkano, watu wapite nyuma yake.

Jumamosi, saa za salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, wanawake na walimu wakayabeba mawe. Mwasiti, ambaye bado anachechemea, akayapaka chokaa. Madereva wanalalamika, jeep moja imekwisha kuvunja taa. Ofisi haijasema ndiyo wala hapana, na Papa Yuma haendi tena kuuliza. Juzi watu wa shirika walirudi na kamera, wakataka aeleze maono yake.

"Mupite kwanza huku nyuma ya mawe," akawaambia. "Hapo mumesimama mutagongwa."