Wanga wa Muhogo kwenye Vitenge vya Marehemu

Kitenge kipya hakina shida. Kinatoka dukani kimekakamaa kama karatasi, mkasi unapita, cherehani inakifuata bila ugomvi. Shida ni kitenge kilichofuliwa miaka kumi. Hicho kinalegea kama mboga iliyochemka. Ukikikata mraba, ukifika kwenye sindano mraba umeshavutika upande mmoja, na hakuna wa kumlaumu.

Wakati huo nilikuwa najifunza ushonaji kwa mama mdogo, pale Bugarama, nyumba za pembeni ambako watu bado wana ng'ombe. Shule niliishia kidato cha pili. Sikuhuzunika sana, maana nilikuwa na mipango. Nilishajiona nina duka langu Shinyanga mjini, lina kioo mbele na sanamu mbili zimevalishwa magauni.

"Anza na mshono ulionyooka," mama mdogo alikuwa akiniambia. "Hizo sanamu hazitakimbia."

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Mhunze, amebeba mfuko wa salfeti. Ndani mlikuwa na vitenge saba vya mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa amefariki, msiba ulishaanuliwa, ndugu wamegawana nguo, na hilo ndilo lilikuwa fungu lake. Alitaka tuvikate vipande, tuviunganishe, tuweke bitana chini, liwe blanketi la kumpelekea baba yake.

"Tangu tuzike hajalala kitandani," alisema. "Analala kwenye kiti. Tumemwambia mpaka tumechoka. Sasa fundi, nakuomba kitu kimoja. Usichanganye na kitambaa kingine. Viwe hivi hivi vya mama."

Mama mdogo alivitandaza chini, akapima kwa shubiri na kwa futi. Vilitosha blanketi la mtu mrefu, ila bila kupoteza hata kipande.

Vyote vilikuwa vimelegea. Ndipo akanifundisha kupika wanga. Vijiko viwili vya unga wa muhogo unavivuruga kwanza kwenye maji ya baridi, mpaka pasiwe na donge. Unga uwe ule mweupe wa muhogo mtamu. Udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, hapana, unaacha rangi ya vumbi na harufu yake haitoki. Halafu unamimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, na usiangalie pembeni. Ule weupe unapotea, unabaki uji unaong'aa kama ute wa yai. Unaepua, unaongeza maji baridi, unachuja kwa kitambaa chepesi, unatia kwenye chupa ya kunyunyizia, kama zile za saluni. Ukishanyunyizia usikimbilie pasi. Kunja nguo, iache inywe kwanza. Ukiharakisha, wanga unabaki juu na kubanduka kama magamba.

Nililipenda sana lile jambo. Chakula kinaingia kwenye nguo, nguo inasimama! Nilidhani hilo nalo ningeweza kuliuza kwenye duka langu, kwenye chupa zenye picha.

Kesho yake mama mdogo alikwenda Kahama kutafuta bitana. Aliniachia maagizo matatu: nyunyizia, piga pasi, usikate.

Pasi yetu ilikuwa ya mkaa. Kitenge cha kwanza kikaanza kunata, na chini ya pasi pakashika utando wa kahawia. Nikakumbuka jirani aliwahi kusema chumvi kidogo kwenye wanga inafanya pasi iteleze. Jikoni chumvi ilikuwa imeisha. Lakini nje kulikuwa na ndoo ya chumvi ya mawe, imefunikwa, ile wanayorambishwa ng'ombe. Nikasema, kama kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi. Nikaiponda, nikatia konzi nzima kwenye wanga.

Pasi iliteleza kweli. Nilipiga pasi vitenge vyote saba huku naimba, nikavianika kwenye kamba ili vikauke vizuri, nikaingia ndani kumenya viazi.

Mtu aliyekulia huku hahitaji kuelezwa kilichofuata. Ng'ombe wakirudi kutoka machungani, chumvi haiachwi wazi nje, wataifuata wairambe. Nami nilijua, nimelijua tangu sijaanza shule. Ila sikuwa nimefikiria kwamba kitambaa nacho sasa kilikuwa chumvi.

Nilipotoka, ndama wa jirani alikuwa ameshameza nusu ya kitenge cha kijani. Nilivuta. Naye akavuta. Alinitazama bila wasiwasi wowote, anatafuna tu. Vingine sita vilikuwa vimerambwa mpaka vinadondosha mate, lakini vilikuwa vizima. Cha kijani kilibaki kipande cha kufunika meza ndogo.

Mama mdogo aliporudi alikikuna kile kipande kwa ukucha, punje za chumvi zikadondoka.

"Nani amekwambia utie chumvi?"

"Pasi ilikuwa inanata."

"Kwa hiyo ukawapikia ng'ombe."

Nikamwambia sokoni nimeona kitenge cha kijani kinachofanana kabisa, maua yale yale. Tukikiloweka na kukifua mara tano sita kitachakaa. Hakuna atakayejua.

"Unataka kumfunika mzee wa watu kwa nguo ya mwanamke asiyemfahamu?" aliuliza. Akachukua simu, akaweka spika, akanipa mimi. "Sema mwenyewe."

Nilisema.

"Ndama?" yule mama akauliza.

"Ndama, mama. Nisamehe."

"Jike au dume?"

"Jike."

Ikasikika sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko au kilio. "Hicho cha kijani mama alikuwa anaendea mnadani kuuza dengu," alisema. Halafu akapenga kamasi. "Haya. Shoneni kilichobaki. Kisitupwe hata kipande."

Tulivifua upya kutoa chumvi na mate, nikapika wanga mwingine wa unga na maji tu, na pasi iliponata niliipangusa, nikaendelea. Ilinichukua siku mbili. Kile kipande cha kijani tulikigawa, tukaweka mraba mmoja kwenye kila safu. Blanketi likapungua safu mbili. Yule mama alipokuja kulichukua alijipima nalo: likifunika miguu, linaishia kifuani. Akasema "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma. Akalikunja, akaondoka kwa bodaboda kwenda kupanda gari. Nilibaki nikimwazia yule mzee kwenye kiti chake, na blanketi la kumfunika nusu.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Mama mdogo aliuliza moja kwa moja kama mabega ya mzee yanabaki nje.

"Hajifuniki," yule mama alisema. "Amelikunja, ameliweka kitandani, upande wa ukutani, pale alipokuwa analala mama. Yeye yuko upande wake, analala. Hata sasa hivi amelala."

"Mchana huu?"

"Mchana huu, fundi. Anakoroma."

Walipomaliza kuongea, mama mdogo aliniambia nichemshe maji, kulikuwa na mashuka ya gesti yanayosubiri wanga.