Mpwa Wangu na Mashine Isiyomaliza Kazi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anatunza kompyuta za zahanati. Akili hiyo kairithi kwa mjomba. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au tuseme iliniacha yenyewe, lakini darasa la sita la enzi zetu si hili lenu la kuchorachora.

Binti huyu ana ugonjwa tangu utotoni: hajui kusema "ngoja." Anaosha vyombo, mama yake anaita, anaacha sufuria na povu lake, hajafika kwa mama, mdogo wake analia, anageuka. Jioni nyumba nzima imeguswa na hakuna kilichokwisha. Na sisi tulimsifu, mtoto mtiifu!

Zahanati ilimchukua kwa majaribio, na Ijumaa daktari mkuu angeamua kama anabaki. Tatizo lilikuwa kompyuta moja kubwa inayohudumia mapokezi, maabara na dirisha la dawa. Maabara wakianza kutoa ripoti yao ndefu, mapokezi panaganda. Akanieleza kwamba ndani ya mashine kuna mpanga zamu. Kazi zote zinagombea kichwa kimoja, na huyo ndiye anayeamua ipi ikitumie, na kwa muda gani. Alikuwa anajisomea habari zake kila akipata nafasi.

"Mbona rahisi," nikamwambia. "Ipe kila kazi kidogo kidogo, asinung'unike mtu."

"Ndivyo nilivyofanya, Mjomba. Zamu nimezifupisha mpaka basi."

Unaona? Tunafikiri sawasawa.

Jumatano nikapeleka goti langu zahanati. Pale kwenye benchi nikawatangazia wagonjwa: "Mnamwona yule? Damu yangu. Mashine ikimwona tu inasimama wima."

Ikasimama kweli. Mapokezi, maabara, dawa, kote kukaganda kwa pamoja.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanigeukia. "Babu, ulisema ni damu yako yule?"

"Nani? Yule? Tunafanana tu."

Nyumbani alikaa mbele ya michoro yake ya vipimo vya mashine, mstari umepanda kama mnara, macho mekundu. "Mashine haipumziki hata kidogo, Mjomba, na hakuna kazi inayoisha. Keshokutwa watanirudisha nyumbani."

Asubuhi nikamwomba anipigie pasi shati la kwendea harusini Jumamosi. Akaanza, mama yake akaita, akaenda. Akarudi, mdogo wake akaita, akaenda. Mwisho nikalivaa vilevile, mkono mmoja umenyooka kama wa bwana harusi, mwingine kama umetemwa na ng'ombe.

"Haya, mtaalamu! Harusini niingie ubavu upi?"

Hakucheka. Alilikodolea macho lile shati. "Kila nikirudi pasi imepoa," akasema polepole. "Naisubiri ipate moto, natafuta nilipoishia. Mjomba, muda wote unaishia kwenye kurudi!"

Akatoka mbio bila chai. Siku hiyo akapima kitu ambacho hakuwa amekipima: mashine inapoteza muda gani kwa kubadilisha kazi tu, kuweka hii chini, kuokota ile, kukumbuka ilipoishia. Ilikuwa zaidi ya nusu. Akarefusha zamu. Kazi fupi za madirishani akazitanguliza. Ripoti ya maabara ikasubiri, ila kila ilivyozidi kukaa cheo chake kilipanda, isije ikazeekea foleni.

Ijumaa nikarudi. Goti lilikuwa limeshapona, lakini wao wangejuaje? Benchi lilikuwa linasogea, na ripoti ilitoka huku mapokezi wanaendelea kuandikisha watu. Daktari mkuu akainama juu ya mchoro.

"Huu mnara uliokuwa hapa juzi umekwenda wapi?"

"Ulikuwa muda wa kuhangaika kubadilisha kazi, Daktari. Nimeupunguza."

"Basi Jumatatu usichelewe."

Nikashusha pumzi mpaka jirani yangu wa benchi akauliza kama naumwa kifua. Yule mama naye alikuwepo. "Leo bado mnafanana tu?"

"Mama, ile ni damu yangu tupu! Hata lile wazo limetoka kwenye shati langu."

Jioni nikajinyoosha kitini. "We binti! Maji ya mjomba!"

Alikuwa na pasi mkononi. "Ngoja, Mjomba. Namalizia mkono wa pili."

Dada yangu akachungulia kutoka jikoni aone nitafanya nini. Nikangoja. Maji yalikuja, na shati likaja limenyooka mikono yote miwili.